Aling'oa mihogo migonjwa ili wageni wasiione, leo utafiti unamsikiliza

Jua la asubuhi ndiyo kwanza linachungulia juu ya vilima vya Namakolo, ndani kabisa ya Wilaya ya Kilwa, na Agnes Likwata amepiga magoti mbele ya muhogo unaoumwa.

Anaupalilia. Anang'oa nyasi shinani kwa vidole, anausogezea udongo, kisha anauegemezea kijiti upande ulioinama. Majani ya mmea huo yana madoa ya manjano, na shina lake lina michirizi ya kahawia. Mkulima mwingine wa huku angeshaung'oa na kuutupa, lakini yeye anauhudumia kama mtu anayeuguza.

Njiani anapita Mzee Klementi, jirani yake, jembe begani. Huyu hajawahi kupita hapa bila uchokozi.

"Mama Frank, bado unabembeleza maiti?"

"Shikamoo, mzee. Maiti huyu ana kazi," Agnes anamjibu bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Haya, msalimie."

Wote wawili wanacheka, na mzee anashika njia yake kwenda shambani.

Agnes ana miaka 47 na ni mama wa watoto wanne. Ni kibarua katika shamba la majaribio ya muhogo linaloendeshwa na taasisi moja ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na hulipwa Sh8,000 kwa siku anapoitwa kazini. Hiyo ni kazi yake ya kwanza. Ya pili haina mshahara: ni mjumbe wa kamati ya wakulima ya kanda, kamati inayoamua fedha za taasisi hiyo zitafute majibu ya tatizo gani.

Nilipomuuliza ipi inamchosha zaidi, alinijibu papo hapo.

"Kamati, baba. Jembe linachosha mikono tu. Kule unakaa kwenye kiti tangu asubuhi, unasikiliza, na huruhusiwi kusinzia."

Kufika kwenye kiti hicho kulianza na kosa. Yeye mwenyewe halifichi, na wenzake hawampi nafasi ya kulisahau.

Shamba la majaribio la Namakolo lina aina sita za muhogo zilizoletwa na watafiti, na mstari mmoja wa muhogo wa zamani wa hapo kijijini. Mstari huo wa zamani ndio unaoachwa uumwe. Ukishambuliwa na michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakidanganya kuwa mambo ni mazuri, watafiti wanaulinganisha na zile aina sita na kuona ipi imestahimili. Bila wagonjwa hakuna cha kulinganisha.

Jambo hilo ni rahisi kulieleza. Tatizo ni kwamba miaka minne iliyopita hakuna aliyewaeleza vibarua.

"Tuliambiwa lima hapa, panda hapa, usivuke kamba," anasema Agnes. "Ule mstari wa pembeni tuliuona unaumwa, tukadhani watafiti wameukatia tamaa. Sasa siku moja tunaambiwa kesho wanakuja wafadhili, tena wazungu na wakubwa wa kutoka makao makuu, na mstari wenyewe uko hapo hapo njiani wanapopita."

Kwa watu wa vilima hivi, Waislamu kwa Wakatoliki, mgeni hapokelewi hivi hivi. Uwanja unafagiliwa tangu jana yake, kuku anakamatwa, na chochote kinachotia aibu kinaondolewa machoni. Agnes, jirani yake Hamida na mwenzao Rosa walilitazama lile shamba kama wanavyoutazama uwanja wa nyumba yao.

"Tulijiuliza, mgeni atoke mbali kote huko, kitu cha kwanza kumwonyesha kiwe uozo?" anasema Hamida. "Haiwezekani. Hata kama ni wewe, ungeona haya."

Jioni hiyo wakaung'oa mstari wote. Wakafagia ardhi ikawa safi, na kwenye mashimo wakachomeka pingili mpya kutoka kwenye aina iliyokuwa imenawiri kuliko zote. Wakarudi nyumbani wamechoka na wameridhika, kama watu waliomaliza maandalizi ya harusi.

Kesho yake msafara wa magari ukafika. Mtafiti aliyekuwa akisimamia shamba, Evaristo Mbunda, aliwaongoza wageni hadi kwenye kona ile huku akieleza kwamba sasa wataona tofauti. Hapakuwa na tofauti ya kuona. Palikuwa na vijiti vimesimama kwenye ardhi iliyofagiliwa.

"Nilimwona Evaristo amesimama tu," anakumbuka Agnes. "Nikamwambia Hamida, angalia, amefurahi mpaka amekosa la kusema."

Leo anapolisimulia hilo anajifunika uso kwa kanga na kucheka mpaka machozi yanamtoka. Wakati ule hakucheka. Matokeo ya msimu mzima yalikuwa hayana maana tena, na mfadhili aliyekuwa akilipia shamba hilo, ambaye muda wake wa miaka mitatu ulikuwa ukingoni, aliandika kwamba jaribio limeshindwa. Hakuongeza muda. Wafadhili wengine kila mmoja alikuwa na jambo lake jipya alilotaka lianzishwe, na hakuna aliyetaka kumalizia la mwenzake.

Evaristo hawalaumu akina mama hao. Nilimkuta Kilwa Masoko, na alilizungumza jambo hilo kwa utulivu wa mtu aliyelitafakari siku nyingi.

"Nilikuwa na wafadhili wanne," anasema. "Kila mmoja ana tarehe zake za ripoti, kila mmoja anataka picha zake. Nafasi ya kukaa chini na wale akina mama nikawaambia mstari huu ni wa nini, sikuitafuta. Lile kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao."

Shamba likalala. Nyasi zikaota, nguruwe pori wakaingia wakamaliza kilichobaki, na uzio ukaanguka. Kwenye mashamba ya watu ugonjwa haukulala. Agnes anakumbuka msimu uliofuata alipong'oa muhogo wake mwenyewe, ekari moja na nusu, akaukata na kukuta ndani umeoza na kukauka kama kizibo. Akang'oa mwingine. Akaendelea kukata mpaka mumewe, Dominick, akamshika mkono na kumwambia inatosha.

"Sikulilia shamba la watafiti siku ile. Nililia langu," anasema. "Lakini usiku huo ndipo nilipoelewa. Kumbe ile dawa tuliyokuwa tunaitafuta, mimi mwenyewe ndiye niliyeing'oa nikaitupa kwa wageni waone pasafi."

Mwaka huo familia yake ilikula mlo mmoja kwa miezi mingi. Frank, mtoto wake mkubwa, aliondoka kwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya korosho upande wa Mtama ili wadogo zake wabaki shule.

Wakati Namakolo wanakula mlo mmoja, huko mbali taasisi yenyewe ilikuwa ikigombana na wafadhili wake. Watafiti wengi walikuwa na kilio kama cha Evaristo: miradi ya miaka mitatu kwenye mazao yanayohitaji miaka sita, na maamuzi yanayofanywa na bodi ambayo wajumbe wake hawajawahi kulala na njaa ya zao wanalolijadili. Baada ya mivutano mirefu wakakubaliana. Sehemu kubwa ya fedha ingewekwa kwenye kapu moja kwa miaka sita, na mfadhili akishaweka haruhusiwi kuchomoa katikati. Kila kanda ingekuwa na kamati ya wakulima yenye kura ya kweli juu ya utafiti upi ulipiwe kwanza.

Taarifa hiyo ilipofika Namakolo, mkutano wa kijiji uliitwa kuchagua mjumbe. Watu walitaja majina ya wanaojua kuzungumza, na mabishano yakawa marefu. Ndipo Hamida aliposimama.

"Nilisema, mpelekeni Mama Frank," anasimulia Hamida. "Huyu aibu yake tumeshaiona wote, hana cha kutuficha tena. Wengine wakienda huko watakuwa wanajipamba."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Agnes alikataa, akakataa tena, na mikono ikanyooshwa hivyo hivyo.

Kikao cha kwanza cha kamati kilifanyika Kilwa Masoko. Agnes aliteremka vilima kwa bodaboda hadi barabara kuu, akapanda gari la Nangurukuru, kisha jingine la Masoko, amevaa viatu vya kuazima ambavyo anasema vilimbana kuliko maswali. Wajumbe walikuwa kumi kutoka mkoa mzima wa Lindi. Ajenda ilikuwa moja na ngumu: fedha za kwanza zingetosha jaribio moja kubwa, ama ufuta kwa watu wa nyanda za chini, ama kulifufua lile la muhogo vilimani.

Hapo ndipo alipokumbana na kanuni asiyoitarajia. Mjumbe anayelipwa na shamba fulani anaruhusiwa kulizungumzia shamba hilo, lakini hapigi kura juu yake. Mtu pekee kutoka Namakolo asingepiga kura juu ya Namakolo.

"Nilikasirika," anasema. "Nikajiambia, nimekuja kote huku kukaa kama pambo? Halafu nikatulia. Maana wale wa zamani wa kwenye bodi tuliokuwa tunawalalamikia walikuwa wanajigawia wenyewe. Sasa na mimi nianze?"

Aliyeusemea ufuta alikuwa Yassin Huseni, mkulima wa Milola, mtu mrefu mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti. Hoja yake ilikuwa nzito. Ufuta ndio unaosomesha watoto wa Lindi, alisema, na wadudu wanaumaliza. Kisha akagusa panapouma: jaribio la muhogo lilishapewa fedha likashindwa, kwa nini lipewe tena?

Macho yote yakamgeukia Agnes. Angeweza kusema mvua zilikuwa mbaya, na hapo mezani nani angebisha? Alisimama akaeleza yote: wageni, mstari wa wagonjwa, ufagio, pingili za kuchomeka. Alieleza jinsi alivyodhani mtafiti amefurahi.

"Nikamalizia kwa kusema, ndugu wajumbe, muhogo haukushindwa. Ni sisi tuliona haya mbele ya wageni. Aina zile sita hazijajibu swali mpaka leo, kwa sababu mimi nilizinyima cha kulinganishwa nacho."

Ukasikika mguno, na mguno ukageuka kicheko. Alikuwa Yassin, ameinamia meza.

"Na sisi tulifyeka!" akasema. "Wallahi, na sisi Milola tulifyeka! Kulikuwa na kipande cha ufuta hakipigwi dawa, kimejaa wadudu. Tukaambiwa wageni wanakuja. Tukakipiga panga chote, tukapanga viti hapo hapo wakalie."

Mjumbe mwingine akainua mkono taratibu na kukiri kwamba kwao walifanya jambo la namna hiyo kwenye mbaazi. Mwingine naye akakohoa. Ofisa wa taasisi aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliweka kalamu chini. Kwa miaka mingi misafara ya magari ilikuwa ikizunguka Lindi kukagua majaribio, na kila inapofika inakuta pamefagiliwa.

Nimeandika habari za kilimo muda mrefu na nimehudhuria vikao vingi vya wataalamu. Sijawahi kusikia ukweli wa utafiti ukisemwa kiasi hicho, tena na watu waliokuwa wanalipwa kibarua.

Kura zikaanza. Yassin alikuwa wa kwanza.

"Kucheka nimecheka," alisema, "lakini kura yangu ni ya ufuta."

Agnes alikaa ameikalia mikono yake, asije akanyoosha kwa kusahau. Zikaenda hivyo, moja huku na moja kule, mpaka zikawa nne kwa nne na amebaki mjumbe mmoja: Umi, mkulima wa korosho na ufuta kutoka Mtama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza sana. Kila mtu alijua kwamba ufuta ulikuwa na faida kwake na muhogo wa Namakolo haukuwa na faida yoyote.

"Mimi nalima ufuta," Umi alisema. "Ukikosa bei mnadani, nalala nimeudhika. Lakini huyu dada muhogo wake ukioza analala na njaa, na watoto. Tumalizie kwanza la kwake, halafu tuje kwenye letu. Kura yangu muhogo."

Agnes anasema hakushangilia. Aliinuka, akamfuata Umi alipokaa, akamshika mikono yote miwili.

Jambo halikuishia hapo. Wiki chache baadaye mfadhili mmoja mkubwa, ambaye nchi yake hununua ufuta, alilalamika kwamba wakulima wameamua vibaya na akataka fedha zake zihamishwe. Zamani lalamiko la namna hiyo lilikuwa amri. Safari hii alijibiwa kwamba fedha ziko kapuni na kamati imeshapiga kura. Evaristo anasema siku aliyolisikia jibu hilo alitoka nje ya ofisi akatembea peke yake mpaka sokoni, kwa furaha tu.

Kamati iliongeza kanuni mbili ambazo zilipendekezwa na Agnes na Yassin kwa pamoja. Kila jaribio lazima lielezwe kwa vibarua na majirani kabla ya jembe la kwanza kuingia. Na matokeo yakipatikana, yawe mazuri au mabaya, yanatangazwa kwanza hapo shambani mbele ya wenye kijiji, kisha ndipo yaende kwingine.

Shamba la Namakolo likafufuliwa kwa misimu miwili. Mavuno ya mwaka jana yalitia moyo. Ya mwaka huu ndiyo yaliyotakiwa kuamua, na mwandishi wa makala haya alirudi vilimani siku yalipong'olewa.

Kijiji kizima kilikuwepo. Evaristo alikata, Agnes akashika juu kila kipande watu waone. Walianza na muhogo wa zamani, na ndani ulikuwa umeoza wote, na watu wakanung'unika kwa sababu huo ndio walio nao mashambani. Aina ya kwanza ilioza. Ya pili na ya tatu zikafuata. Ya nne ilikuwa na madoa. Mzee Klementi, aliyesimama mbele kabisa, aliacha utani wake.

Aina ya tano ilipokatwa, Evaristo alimpa Agnes kipande. Agnes alikigeuza upande mmoja, akakigeuza wa pili, kisha akakiinua juu. Kilikuwa cheupe mpaka katikati. Wakang'oa shina jingine, na jingine, hadi mstari ukaisha. Yote meupe. Akina mama wakapiga vigelegele, na ya sita, iliyokuwa na doa moja moja, ilikatwa hakuna anayeisikiliza.

Hamida alichukua mizizi mitatu akaenda kuichemsha, kwa sababu Namakolo hakuna anayeamini muhogo asioutafuna. Ulipoletwa, ulikuwa umeiva laini, una unga, hauna uchungu. Watu wakaumega wakiwa wamesimama, na ofisa aliyetoka makao makuu, aliyekuja safari hii kwa pikipiki na bila msafara, akapata kipande chake mwishoni baada ya watoto.

Pingili za aina hiyo zitapandwa kwanza kwenye shamba la kuzalishia mbegu la kijiji, kisha kila kaya ipate zake mvua zijazo. Jaribio la ufuta linaanza Milola msimu huo huo, na Agnes tayari ameahidi kwenda kumsaidia Yassin kuwaeleza vibarua wake. Kamati za wakulima za nchi tatu pia zimepata viti viwili kwenye bodi kuu ya taasisi, na jina la Agnes limependekezwa kwa kimojawapo. Anafuatilia hati ya kusafiria.

Nilimfuata nyumbani jioni ile. Alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko, kanga imejaa udongo, bado anatabasamu peke yake. Nikamuuliza, ukiachilia mbali bodi na vikao, yeye mwenyewe anataka nini.

Alinyanyuka akanionyesha dari la juu ya mafiga, mahali ambapo watu wa huku huweka makopa yao, ule muhogo mkavu wa kulia wakati wa masika. Halikuwa na makopa. Kuku mwekundu alikuwa amelala pembeni kwenye majani makavu, akatutazama kama wenye nyumba wanavyotazama wapita njia.

"Miaka minne dari hili ni la kuku," Agnes alisema. "Mjukuu wangu wa kwanza hajui kama lina kazi nyingine. Mimi nataka mwakani nilijaze makopa mpaka huyu akose pa kutagia. Ahame."